Sensa ya mwendo ikilalamika: majibu kwa mafundi wa manlifti, Mtwara na Lindi

Barua za safari hii zinahusu shida moja: manlifti (mashine ya kuinua watu kufanya kazi juu) inagoma au inatambaa, na skrini inataja sensa ya mwendo, ile inayopima mota inazunguka kwa kasi gani. Tumezijibu kwa pamoja kwa sababu zinakamilishana. Jambo moja tunaomba mlishike kabla ya yote: namba ya hitilafu inasema tu kwamba kontrola (sanduku la elektroniki linaloiongoza mota) haikupata taarifa iliyoitegemea. Haisemi sensa imekufa. Katikati hapo kuna waya, konekta, breki, beringi na sumaku, na karibu vyote ni nafuu kuliko sensa mpya.

Habari za kazi, wataalamu. Ghalani kwetu kwenye korosho tuna sizalifti (manlifti inayopanda kwa mikono ya mkasi) ya betri, volti 24, mota ya AC, kontrola ya kampuni ya Curtis. Inatembea kama nusu mita, inagoma. Taa ya kontrola inatoa 36. Muuza vipuri wa Dar anasema tuagize sensa. Tuagize? (Fundi umeme, Mtwara mjini)

Msiagize kwanza, ndugu. Hakikisheni mmeisoma namba sawasawa. Kwenye Curtis 1234, 1236 na 1238, taa nyekundu ikiwaka mara 1, miwako ya njano inayofuata ni tarakimu ya kwanza; nyekundu ikiwaka mara 2, njano zinazofuata ni tarakimu ya pili. Kwa hiyo 36 ni nyekundu 1, njano 3, nyekundu 2, njano 6. Na kweli 36 ni hitilafu ya sensa ya mota. Ikiwa ni 73, hiyo ni mota iliyokwama, nayo inawapeleka kwenye breki kabla ya sensa.

Kwenye mota nyingi za namna hii sensa imo ndani ya beringi yenyewe. Ina nyaya nne: umeme, hasi, ishara A na ishara B. Beringi za aina hiyo hutolewa kwa idadi tofauti za mapigo kwa mzunguko, na 64 ni ya kawaida sana. A na B hupishana kwa robo ya pigo, na kwa kupishana huko kontrola hujua mota inaenda mbele au inarudi nyuma. Ikikosa moja kati ya hizo mbili, inagoma, hata kama nyingine ni nzima kabisa.

Sasa upimaji. Shusheni jukwaa mpaka chini, mashine iwe kwenye sakafu tambarare, kabari ziwekwe kwenye magurudumu yasiyoendesha, kitufe chekundu kibonyezwe, plagi ya betri ichomolewe. Inueni upande wa kuendesha kwa jeki na mwegeshe chasisi juu ya stendi. Jeki peke yake msiiamini, hata kwa dakika moja. Tairi zikishaachana na sakafu, rudisheni umeme.

Pimeni kwanza umeme wa sensa, konekta ikiwa imechomekwa, ncha za multimita zikiingia kwa nyuma ya pini. Ncha nyeusi iwe kwenye hasi ya sensa yenyewe, si kwenye chasisi. Hapa wengi hukosea: chasisi ya mashine ya betri mara nyingi haijaungwa na hasi, kwa hiyo kipimo kinadanganya. Kama mchoro wa mashine yenu unasema volti 5, mtegemee kati ya 4.75 na 5.25. Ukikuta volti 2 au sifuri, chomoa konekta ya sensa upime tena upande wa waya unaotoka kwenye kontrola. Umeme ukirudi, shoti iko upande wa mota. Usiporudi, tatizo liko kwenye waya au kontrola, na sensa mpya isingewasaidia chochote.

Umeme ukiwa sawa, nendeni kwenye ishara. Fungueni breki kwa mkono kama kitabu kinavyoelekeza, kisha zungusheni shafti ya mota polepole sana huku mkipima A, halafu B. Kila moja iruke kutoka karibu na sifuri mpaka karibu na volti ya juu, na kurudi. Kwa mapigo 64, pigo zima ni nyuzi 5.6 tu za mzunguko, kwa hiyo ukizungusha kwa haraka multimita itakuonyesha namba ya katikati na utadhani imekufa.

Ishara ikibaki imesimama, chomoeni konekta na mpime waya wa ishara upande wa kontrola. Sensa hizi haziisukumi ishara juu. Zinaivuta chini tu, na volti ya juu hutoka kwenye kontrola. Kwa hiyo konekta ikiwa wazi, waya mzima wa ishara lazima uonyeshe ile volti ya juu. Ukionyesha sifuri, waya umekatika au umegusa hasi mahali fulani. Ukiwa sawa, ndipo mshuku sensa. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi anayeipima sensa mezani kwa betri na multimita tu, bila rezista ya kuvuta juu kati ya umeme na ishara, ataitupa sensa nzima.

Kipimo cha mwisho ni tairi zikizunguka hewani kwa mwendo mdogo. Wekeni multimita kwenye Hz (mapigo kwa sekunde). Mota ikizunguka mara 300 kwa dakika, mapigo 64 mara 300 gawanya kwa 60 ni Hz 320. A na B lazima zilingane. Moja ikiyumba au kuruka, tikiseni waya kidogo kidogo kuanzia kwenye mota kuelekea kwenye kontrola huku mkiangalia namba. Kwenu, kwa kuwa mashine inatembea nusu mita ndipo igome, tunashuku zaidi waya uliokatika ndani ya ganda lake pale unapojikunja kwenye usukani. Kwa macho unaonekana mzima.

Shikamooni. Bumulifti yetu ya dizeli (manlifti yenye bumu, yaani mkono mrefu unaobeba jukwaa) inatambaa kama kobe hata bumu likiwa limelala. Sensa za mota zote mbili zimeshabadilishwa, hakuna mabadiliko, na skrini haionyeshi hitilafu yoyote. (Msimamizi wa eneo la ujenzi, Lindi)

Marahaba. Maelezo yako yana jibu ndani yake: hakuna hitilafu kwenye skrini. Sensa ya mwendo ikikosekana, kwa kawaida mashine inasema. Ikitambaa kimya kimya, mara nyingi inaamini bumu liko juu, na inatii sheria yake.

Pima hivi: chora mita 10 kwenye uwanja tambarare, bumu limelala, swichi ya kasi iko kwenye picha ya sungura (mwendo wa haraka), injini kwenye mzunguko wa juu. Ikitumia sekunde 36, hiyo ni kilomita 1 kwa saa, mwendo wa jukwaa lililoinuliwa kwenye bumulifti nyingi. Kwa kilomita 5 kwa saa ingetumia sekunde 7 na kidogo.

Ikiwa ni hizo 36 au karibu nazo, ziacheni sensa za mota na mtafute swichi za limiti za bumu, zile zinazoiambia mashine kama bumu limelala au limeinuliwa. Vumbi la saruji likichanganyika na unyevu wa pwani huganda kwenye mkono na rola ya swichi, ikabaki imeinama nusu. Isafishe, isukume kwa kidole usikie mlio, kisha pima volti upande wa pili wa swichi bumu likiwa limelala na likiwa limeinuliwa. Swichi nyingi zina jozi mbili za mguso zinazopaswa kupingana: moja ikifunga, nyingine ifungue. Baada ya hapo angalieni sensa ya mwinamo na swichi ya kasi yenyewe. Zile sensa mlizotoa, kama hazikuvunjwa, zitunzeni. Huenda ni nzima.

Tuko jirani na mashamba ya chumvi. Kila asubuhi lifti inatoa hitilafu ya sensa ya mwendo, ikifika saa nne inapona yenyewe. (Fundi, Lindi vijijini)

Ni chumvi, dada yetu. Chumvi huvuta unyevu wa usiku, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme. Kati ya pini ya ishara na pini ya hasi panakuwa na njia ndogo ya kuvuja, ishara haipandi ipasavyo. Jua likikausha, njia inakufa mpaka kesho yake.

Zima mashine, chomoa betri, fungua konekta za sensa zote, hata ile isiyolalamika. Ukiona ukungu wa kijani kwenye pini au unga mweupe, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (si asidi), kisha kausha kwa upepo wa presha ndogo. Malizia na dawa ya kusafishia miguso ya umeme na uiache ikauke. Usikwangue pini kwa msasa: utaondoa ule mpako unaozuia kutu, na baada ya mwezi mmoja utarudi pale pale ikiwa mbaya zaidi.

Angalia mipira ya kuzibia. Ikiwa imekauka au imekatika, badilisha. Matundu yasiyo na waya yazibwe kwa vizibo vyake. Paka grisi ya silikoni isiyopitisha umeme kwenye mpira, safu nyembamba; usiijaze kwenye matundu ya pini. Waya ufungwe kiasi kwamba kabla ya kuingia kwenye konekta unashuka kidogo, ili maji yadondoke pale chini yasiingie ndani.

Mengine mawili. Anayepima kwa kutoboa ganda la waya kwa sindano anafungua mlango wa chumvi, na waya ule utaoza kwa ndani. Na mashine ya kuoshea ya presha isielekezwe kwenye mota wala sanduku la kontrola. Futeni kwa kitambaa chenye maji baridi.

Je, sensa ya ABS ya gari (ya mfumo wa kuzuia tairi zisikwame ukifunga breki) inaweza kufaa? Inafanana sana, hata tundu linaingia. (Msomaji, Masasi)

Hapana. Sensa nyingi za ABS za kisasa zina nyaya mbili na huzungumza kwa mkondo, kama miliampea 7 na 14. Sensa ya manlifti yenye nyaya tatu au nne huzungumza kwa volti. Kontrola haitaelewa chochote, na unaweza kuiunguza njia yake ya kuingizia ishara. ABS za zamani ni koili tupu, nazo hazitoi kitu cha maana mwendo ukiwa mdogo, na manlifti hutembea taratibu muda mwingi.

Kwenye lifti ya dizeli, mota ya haidroliki ya kulia inakula sensa. Hii ni ya tatu. Ya kushoto haijawahi kuguswa. (Fundi mitambo, Mikindani)

Ikifa ya tatu upande ule ule, sensa si mgonjwa. Itoe uitazame uso wake chini ya mwanga mzuri.

Ukiwa na mkwaruzo wa mviringo au umevunjika pembeni, jino la gia linaigonga. Ama ilifungwa karibu mno, ama beringi ya mota imelegea na shafti inacheza. Sensa za Hall (zinazohisi sumaku) za namna hii hutaka nafasi ndogo, mara nyingi kati ya milimita 0.5 na 1.5, kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha mota. Zile zinazojifunga kwa uzi wa M12 au M18 wenye hatua ya milimita 1 zina njia rahisi: zungusha mota mpaka kilele cha jino kiwe mbele ya tundu (chungulia kwa tochi), ingiza sensa kwa mkono mpaka iguse, rudisha nusu mzunguko kwa milimita 0.5 au mzunguko mzima kwa milimita 1, kisha kaza nati huku umeishikilia isizunguke. Ukiigusisha kwenye bonde kati ya meno badala ya kilele, jino linalofuata litaikata siku hiyo hiyo.

Uso ukiwa mzima ila umevaa ndevu za chuma, ifute na uangalie mabaki kwenye kitambaa. Tope la kijivu laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, vinavyosikika ukisugua kwa vidole, ni chuma kinachotoka mahali, na hapo sensa imekusaidia kukuonya. Toa mafuta ya mota, kata filta ya kurudishia uangalie ndani, kabla pampu haijafuata.

Uso ukiwa safi kabisa, geukia waya. Linganisha njia ya waya wa kulia na wa kushoto: umeshikwa wapi, unapita karibu na nini, una ulegevu kiasi gani usukani ukikatwa mpaka mwisho. Fundi aliyebadilisha mpira wa haidroliki huenda alisahau kibano kimoja. Na kila ukiitoa sensa weka oringi (pete ya mpira ya kuzibia) mpya yenye mafuta kidogo. Oringi ya zamani ikivuja, mafuta hutembea ndani ya ganda la waya mpaka kwenye konekta.

Mota ya AC ilitoka gereji kusukwa upya. Sasa ukigusa joistiki (mkono wa kuendeshea) mashine inatetemeka, inavuta ampea nyingi, haiendi. (Fundi, Kilwa Masoko)

Hapo kuna mambo mawili ya kuuliza gereji. La kwanza: je, walifunga beringi ya kawaida mahali pa beringi yenye sensa? Vipimo vya shimo na kipenyo vinaweza kulingana kabisa, na aliyezoea mota za pampu za maji haoni tofauti. Tafuta waya mwembamba unaotoka upande wa beringi. Kama haupo, hakuna sensa.

La pili, na kwa dalili zako ndilo tunaloliamini zaidi: A na B zimebadilishana, au nyaya mbili kati ya tatu kubwa za mota (U, V, W) zimegeuzwa. Kontrola inaisukuma mota mbele, sensa inaripoti inarudi nyuma, kontrola inaongeza nguvu kurekebisha, na mota inatetemeka papo hapo. Zima, rudisha nyaya kama mchoro unavyoonyesha. Ipo mipangilio ya kugeuza mwelekeo wa sensa kwenye programu ya kontrola, lakini tunashauri waya urudi mahali pake. Fundi ajaye asome mchoro na akute ukweli. Jaribio la kwanza lifanyike tairi zikiwa hewani.

Kama beringi itabadilishwa, isukumwe kwa presi, nguvu ikipita kwenye ringi ya ndani inayokaa kwenye shafti. Nyundo moja kwenye pete ya sensa inatosha kuiua.

Tajiri anataka tuiruke hiyo sensa kwa siku mbili kazi iishe. Tumjibu nini? (Vijana wa kazi, Mtwara)

Mjibuni hapana, wanetu, na mueleze sababu. Kontrola huitumia taarifa ya mwendo kuhakikisha kwamba jukwaa likiwa juu mashine haizidi mwendo wake wa kutambaa, na kuishikilia ikiteremka mteremko. Ukiidanganya kwa ishara ya bandia, mtu aliye mita 15 juu anabaki na mashine isiyojua inakwenda kasi gani. Mshtuko mdogo chini ni mrusho mkubwa juu ya bumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamwajibisha mwajiri kuhakikisha mitambo ni salama, kwa hiyo hata yeye hajiokoi.

Mashine ikigoma mtu akiwa juu, tumieni mfumo wa kushusha wa dharura ulio chini, ambao hauitegemei sensa ya mota. Kama lazima iondolewe njiani, breki zifunguliwe au giaboksi za magurudumu zitenganishwe pale tu ambapo ni tambarare, na kabari ziwe mkononi. Ukishafanya hivyo mashine haina breki kabisa.

Tuweke vipuri gani stoo? Kila kitu kinatoka Dar. (Mtunza stoo, Mtwara)

Swali zuri, maana Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mvua za Mei 2024 zilipokata barabara maeneo ya Somanga tuliona mizigo ilivyokwama. Kwa mashine mbili au tatu za aina moja: sensa 1 ya kila aina, konekta 2 kamili za kiume na za kike pamoja na pini na mipira yake, oringi 10 za sensa, mita 5 za waya wa nyuzi nne wenye wavu wa kuzuia kelele za umeme, kopo 1 la dawa ya miguso na tyubu 1 ya grisi ya silikoni. Wavu wa waya huo uungwe kwenye hasi upande wa kontrola peke yake. Ukiungwa pande zote mbili hukusanya kelele badala ya kuzizuia. Waya upite mbali na nyaya nene za mota, na pale zinapolazimika kukutana zikatane msalaba.

Stoo hiyo haitasaidia kama wachomeleaji hawajaambiwa. Kabla ya kuchomelea popote kwenye mashine, plagi ya betri ichomolewe, konekta za kontrola zitolewe, na kibano cha hasi kikae karibu kabisa na sehemu inayochomelewa. Mkondo wa kuchomelea ukipitia kwenye beringi ya mota, unaondoka na sensa. Na mkiona baada ya kuchomelea hitilafu tatu au nne zimetokea pamoja, mathalani sensa ya mwendo, joistiki na sensa ya mwinamo, msiagize vyote. Angalieni kama vinashiriki waya mmoja wa volti 5. Chomoeni kimoja kimoja mkipima. Kile ambacho kikitoka volti inapanda ndicho kilichopiga shoti, na vingine vikirudi kwenye umeme wake huwa vizima.